Ada, Deni na Bumu: Historia ya Ugharimiaji wa Elimu ya Chuo Kikuu Tanzania Ikitazamwa Kutoka Bagamoyo, 1961–2023

Utangulizi

Neno ada, kabla halijawa jina la fedha zinazolipwa benki kwa namba ya kumbukumbu, lilikuwa na maana ya desturi. Liliingia Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana hiyo, kisha katika mazungumzo ya pwani likapanuka na kutaja haki ambayo mtu hupewa kwa sababu mila imeamua apewe: ada ya ngariba, ada ya mganga, ada ya mwalimu. Neno chuo nalo lilitumika Bagamoyo, kama lilivyotumika Unguja na Mombasa, kwa madrasa ya Kurani, muda mrefu kabla ya kuongezewa kikuu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliandika habari za watu wake katika maelezo yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Waswahili. Humo mtoto hupelekwa chuoni na wazazi wake, na mwalimu ana haki zake. Ugharimiaji wa elimu, basi, si jambo lililoletwa pwani na serikali. Lililoletwa na serikali, na ambalo limebadilika zaidi ya mara moja tangu uhuru, ni jibu la swali la nani anamdai nani baada ya elimu kupatikana.

Makala hii inafuatilia mabadiliko hayo katika elimu ya chuo kikuu Tanzania Bara. Bagamoyo imechaguliwa kuwa mahali pa kusimama kwa sababu moja ya wazi: sera za ada na mikopo zimeandikwa Dar es Salaam na Dodoma, lakini uzito wake hupimwa katika kaya ambazo kipato chake hakiandikwi popote. Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, yenye wavuvi, wakulima wa mananasi wa Kiwangwa na akina mama wa mwani wa Mlingotini, ina kaya nyingi za namna hiyo.

Ufadhili wenye masharti kabla ya uhuru

Miundo miwili ya awali inastahili kutajwa kwa sababu inafanana, ingawa wahusika wake wasingependa kulinganishwa. Wa kwanza ni wa wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868. Watoto waliokombolewa kutoka utumwani walilelewa, wakafundishwa dini, kusoma na kazi za mikono, na gharama zililipwa kwa michango iliyotoka Ulaya pamoja na nguvu za watoto wenyewe katika mashamba ya misheni. Elimu ilikuwa bure kwa maana ya kwamba hakuna mzazi aliyedaiwa. Mtoto mwenyewe alidaiwa kazi, ukazi na imani.

Wa pili ni wa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani akiwa mtoto kutoka upande wa Manyema, akawa mtumwa katika nyumba ya liwali Amir bin Sulaiman al-Lamki, kisha akajitajirisha kwa biashara na mashamba ya minazi, akasoma, na hatimaye akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya aliyevuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za nchi hadi kifo chake mwaka 1931. Hapa mali ya mwalimu ndiyo iliyosaidia kubeba chuo, na mwanafunzi alibaki na deni la utii na la kuieneza elimu aliyopewa. Kwamba aliyefanya hivyo alikuwa mtumwa wa zamani ni jambo ambalo historia ya elimu Tanzania imelipa nafasi ndogo kuliko linavyostahili.

Katika miundo yote miwili hakuna bure isiyo na deni. Deni lilikuwapo, ila halikuwa la fedha.

Chakula cha kijiji: 1961–1974

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 15, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka uliofuata kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Katika miaka hiyo ya kwanza serikali iliondoa ada katika shule za sekondari na kumlipia mwanafunzi wa chuo kikuu masomo, malazi na chakula. Kwa upande wake, mwanafunzi alifungwa na mkataba wa kuitumikia serikali kwa miaka mitano mahali popote atakapopangiwa.

Mwalimu Nyerere alieleza falsafa ya mpango huo kwa mfano wa kijiji chenye njaa: wanakijiji humpa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada, na asiporudi ni msaliti. Mfano huu umerudiwa mara nyingi kama fasihi ya uzalendo. Usomaji wa makini unaonyesha kwamba ni mfano wa kifedha pia. Unataja mkopeshaji, yaani kijiji; unataja mkopo, yaani chakula; unataja muda wa marejesho na adhabu ya kutolipa. Kinachokosekana ni kiasi. Hakuna anayejua chakula kilikuwa vibaba vingapi, na kwa hiyo hakuna siku ambayo msomi angeweza kusema amemaliza kulipa.

Mgogoro wa Oktoba 1966 ulizaliwa katika pengo hilo. Serikali ilitangaza kwamba wahitimu watajiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kuendelea na masomo baadaye. Tukio hilo kwa kawaida husimuliwa kama utangulizi wa Azimio la Arusha la Februari 1967, na ni sawa. Lakini kwa historia ya ugharimiaji lina maana nyingine: lilikuwa mara ya kwanza kwa pande mbili za mkataba kugundua kwamba hazikuwa zimekubaliana juu ya ukubwa wa deni.

Je, kijiji cha Bagamoyo kilichangia chakula hicho? Kilichangia kupitia kodi, korosho, nazi na samaki, kama vijiji vyote. Kilimtuma nani? Hapo hesabu inakuwa ngumu. Shule mbili za sekondari zilizosifika sana karibu na pwani wakati wa ukoloni, Minaki ya Waanglikana na Pugu ya Wakatoliki, zilikuwa katika ardhi ya pwani lakini zikiwa za misheni, katika jamii ambayo wengi wake walikuwa Waislamu na ambayo tayari ilikuwa na vyuo vyake. Mlango wa chuo kikuu ulipofunguliwa bure, waliokuwa tayari mlangoni walikuwa wale ambao shule za sekondari ziliwafikia mapema, hasa watoto wa Kilimanjaro, Bukoba na Nyanda za Juu Kusini. Elimu bure haikuwa na ubaguzi wa ada. Ilirithi ubaguzi wa ramani. Kutaifishwa kwa shule mwaka 1969 na mgawo wa nafasi za sekondari kwa mikoa katika miaka ya 1970 vilikuwa majaribio ya kusahihisha ramani hiyo.

Kuna mfano mmoja wa pwani unaojulikana na wote. Jakaya Kikwete, aliyezaliwa Msoga mwaka 1950 katika iliyokuwa Wilaya ya Bagamoyo, alisoma Msoga, Lugoba, Sekondari ya Kibaha iliyojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, kisha Tanga, na kuhitimu uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975. Alisoma katika enzi ambayo Mtanzania aliyechaguliwa hakulipa ada. Jina lake litarudi, kwa kuwa ni katika urais wake ambapo swali la nani alipe lilizua migomo mikubwa zaidi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliongeza sharti lingine: baada ya kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa, kijana afanye kazi walau miaka miwili na apate pendekezo la mwajiri na la tawi la chama kabla ya kuingia chuo kikuu. Kwa lugha ya makala hii, mwanafunzi alitakiwa aanze kulipa kabla ya kukopa.

Uchangiaji wa gharama, 1988–2004

Vita vya Kagera, bei ya mafuta, kuanguka kwa bei za mazao na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yaliyokubaliwa mwaka 1986 vilivunja uwezo wa serikali wa kuendelea na mpango wa awali. Benki ya Dunia ilikuwa ikihimiza wakati huo kwamba Afrika ihamishe fedha kutoka vyuo vikuu kwenda shule za msingi na kwamba wanafunzi wa elimu ya juu wachangie. Serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilitangaza sera ya uchangiaji wa gharama mwaka 1988. Ni sadfa, wala si zaidi, kwamba Mwinyi naye ni mzaliwa wa Mkoa wa Pwani, kijiji cha Kivure, Mkuranga.

Utekelezaji ulikuja kwa awamu. Mwaka 1992/93 wanafunzi walianza kubeba gharama ndogo ndogo kama za usafiri, usajili na michango ya serikali ya wanafunzi. Awamu ya pili ikahamishia kwao chakula na malazi, huku serikali ikitoa mikopo ya kuyagharimia. Kabla ya hapo, Mei 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefungwa kwa miezi kadhaa kufuatia mgomo ambao hali ya maisha ya wanafunzi ilikuwa miongoni mwa visababishi vyake.

Mikopo hiyo iliyoanza Julai 1994 ina hadhi ya ajabu. Ilikuwa mikopo katika sheria na ruzuku katika fikra. Hakukuwa na chombo cha kuidai, hakukuwa na makato ya mshahara, na waliopokea waliiona kama mwendelezo wa posho ya zamani. Bunge lilipotunga Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, Bodi ilikabidhiwa pia jukumu la kukusanya yale yaliyotolewa tangu 1994. Watu waliokwisha kuwa walimu, mahakimu na wahandisi wakajikuta wadaiwa, na baadaye majina ya wadaiwa sugu yakachapishwa magazetini. Kisheria Bodi ilikuwa na haki. Kihistoria, hata hivyo, ni vigumu kukubali kwamba watu hao walikuwa wamekwepa deni ambalo kwa miaka kumi hakuna aliyewadai.

Tanzania ilichelewa. Kenya ilianzisha mikopo ya wanafunzi mwaka 1974 na bodi yake mwaka 1995. Zanzibar ilipata bodi yake kwa sheria ya mwaka 2011, na Uganda mwaka 2014, baada ya Makerere kupokea wanafunzi wa kujilipia tangu miaka ya 1990.

Kupima umaskini

Swali lililofuata lilikuwa nani akopeshwe kiasi gani. Aprili 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waligoma kupinga kuchangia asilimia 40 ya ada. Bodi ikaweka utaratibu wa kuwapanga waombaji katika makundi kuanzia A hadi F, wa A akipata asilimia 100, kisha 80, 60, 40, 20, na wa F asipate kitu. Novemba 2008 migomo ya kudai mkopo wa asilimia 100 kwa wote ilisababisha vyuo vikuu kadhaa vya umma kufungwa.

Upinzani wa wanafunzi umeelezwa mara nyingi kama ukaidi wa kutotaka kulipa. Maelezo hayo hayatoshi. Sehemu kubwa ya hasira ilihusu kipimo, wala si kulipa, na hapa ndipo pwani inapotoa ushahidi bora. Mwajiriwa ana hati ya mshahara. Mvuvi wa Bagamoyo ana bamvua na maji mafu, ana kaskazi na kusi. Siku chombo kinaporudi kimejaa, sehemu ya mwenye chombo, ya mwenye nyavu na ya mabaharia hugawanywa ufukweni bila karatasi. Kipato chake cha mwaka hakijulikani hata kwake mwenyewe. Mkulima wa Kiwangwa huweza kupata fedha nzuri kwa lori moja la mananasi, na msimu mkubwa hukaribia mwisho wa mwaka, ilhali vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba na ada hutakiwa mwanafunzi anaposajiliwa. Kwa hiyo kaya ileile yaweza kuwa na uwezo mwezi Januari na isiwe nao mwezi Oktoba. Fomu haina mahali pa kuandika hivyo.

Kwa kukosa kipato cha kupima, kipimo kiligeukia nyaraka na alama. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA. Yatima athibitishe kwa cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu awe na uthibitisho. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF itajwe. Serikali ya mtaa au kijiji isaini na kugonga muhuri. Mdhamini aweke picha. Na maombi yatumwe mtandaoni kwa ada ya shilingi 30,000. Shule ya sekondari aliyosoma mwombaji nayo ikawa kigezo: aliyesoma shule ya binafsi ya ada kubwa alichukuliwa kuwa na uwezo, isipokuwa athibitishe kwamba alifadhiliwa. Kila sharti lina mantiki yake. Jumla yake ni kwamba umaskini unaotambuliwa ni ule wenye vyeti. Mzazi aliyezikwa kijijini siku hiyohiyo aliyofariki, kama sheria ya Kiislamu inavyohimiza, na asiandikishwe popote, hajafa kwa mujibu wa fomu, na mtoto wake si yatima mpaka familia itakapofuatilia cheti miaka mingi baadaye. Ada ya programu nyingi za shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Tofauti ya kundi moja na linalofuata, yaani asilimia 20, ni shilingi 200,000 au zaidi, kiasi ambacho kaya ya ufukweni hulazimika kukiuzia kitu.

Mabadiliko mawili ya elimu ya chini yameongeza uzito wa hatua hii. Ada iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Pwani aliyesoma shule za serikali aweza kumaliza miaka 13 bila familia kukutana na ankara ya ada, kisha ikakutana nayo kwa mara ya kwanza chuoni, kwa ukubwa wake wote, na ndani ya wiki chache.

Riba, tozo na makato

Mkopo wa Bodi ulielezwa kuwa hauna riba. Hata hivyo uliwekewa tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kwa mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Katika mji wa Sheikh Ramiya tofauti ya tozo na riba si jambo la msamiati tu, kwa kuwa riba ni haramu, na Mwislamu anayekopa lazima aulize jina halisi la asilimia hizo sita. Lakini hata kwa asiyejali fikihi, hesabu ilikuwa nzito. Chukua mhitimu anayedaiwa shilingi milioni 8 na anayepokea mshahara wa shilingi 600,000. Kwa makato ya asilimia 8 alilipa 48,000 kwa mwezi, sawa na 576,000 kwa mwaka. Tozo ya mwaka wa kwanza pekee ilikuwa 480,000. Deni lenyewe lilipungua kwa 96,000.

Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa na makato yakapanda hadi asilimia 15 ya mshahara. Wapo waliosaini wakijua ni asilimia 8 na wakakatwa 15, na kwa maoni yanayotetewa hapa huu ndio uvunjaji wa mkataba ulio wazi zaidi katika historia yote inayojadiliwa, kwa sababu safari hii kiasi kilikuwa kimeandikwa. Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Makato ya asilimia 15 yakabaki.

Kuhusu fedha za kujikimu, wanafunzi waliunda neno lao: bumu, kutoka neno la Kiingereza la kufurika kwa neema ghafla. Kejeli yake iko wazi kwa anayejua viwango. Vilikuwa shilingi 5,000 kwa siku, vikapanda hadi 7,500 mwaka 2011 baada ya migomo, 8,500 mwaka 2015, na 10,000 mwaka 2022/23. Kwa mwanafunzi wa Mlimani anayetoka Bagamoyo, bumu hutumika pia kama nauli ya kurudi nyumbani na, mara nyingine, kama fedha ya kuacha nyumbani. Matumizi haya ya mwisho hayamo katika maana ya kisheria ya mkopo. Yamo katika ada, kwa maana yake ya zamani.

Vyuo viwili visivyo vikuu

Bagamoyo yenyewe ina taasisi mbili zinazojulikana nje ya mipaka ya nchi. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Kusini kidogo ya mji, Mbegani, kuna chuo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Norway, ambacho sasa ni makao ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Vyote vimetoa stashahada. Kwa muda mrefu wa maisha ya Bodi, mkopo ulikuwa wa mwanafunzi wa shahada, hivyo kijana wa Dunda aliyekwenda Mlimani kusomea fasihi aliweza kuomba, na mwenzake aliyevuka barabara kwenda TaSUBa kusomea ngoma, au aliyekwenda Mbegani kusomea usindikaji wa samaki, alitegemea familia.

Mwaka wa masomo 2023/24 serikali ilianza kutoa mikopo ya stashahada. Fani za kwanza kupewa kipaumbele zilikuwa afya, ualimu, usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini, kilimo na mifugo.